Barua ya wazi: Tuonyesheni hesabu za fedha za korona kabla karatasi hazijatupwa

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya shule ya mkataba waliyosoma wanangu, magharibi mwa Michigan;
Kwa wakuu wa taasisi iliyoipa shule hiyo mkataba wake;
Kwa maofisa wa Idara ya Elimu ya Jimbo, Lansing.

YAH: MATUMIZI YA FEDHA ZA MSAADA WA UVIKO-19 NA HAKI YA WAZAZI KUONA HESABU

Waheshimiwa,

Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu. Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini, nikakulia na kuolewa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na tangu 2016 naishi hapa Michigan. Nafanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha vipuri vya magari. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kuhesabia fedha bila kukosea, na kwa sababu wazazi wenzangu wanaoguswa na jambo hili wataisoma barua hii wenyewe, bila kumwamsha mtoto awatafsirie. Nakala ya Kiingereza mtaipata mkononi mwangu.

Chumbani kwangu, kabatini, chini ya vitenge, kuna kompyuta ndogo ya shule. Binti yangu wa kati alipewa Oktoba 2020, akiwa darasa la tatu. Siku ile magari yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabara kuu. Mwalimu aliyevaa barakoa alikuja dirishani, nikataja jina la mtoto, akanipa. Sikusaini popote. Kompyuta haina kibandiko chenye namba ya shule wala jina la mfuko ulioinunua. Binti yangu alihama shule hiyo 2023. Nimekwenda mara mbili kuirudisha. Mara ya kwanza karani aliniambia kwamba mtu aliyekuwa akishughulika na vifaa ameacha kazi, mara ya pili nikaambiwa tuendelee tu kuitumia. Sikuendelea kuitumia, kwa sababu si yangu. Niliifuta vumbi, nikaifunga kwenye kitambaa, na tangu hapo nikawa na swali ambalo halijajibiwa: kama hakuna anayejua kwamba kompyuta hii iko kwangu, yako wapi mengine yaliyonunuliwa kwa fedha zilezile?

Mnazijua fedha hizo kuliko mimi, lakini wazazi wengi hawajawahi kuelezwa, kwa hiyo niruhusuni niwaeleze wao hapa mbele yenu. Bunge la Marekani lilipitisha fedha za kuzisaidia shule mara tatu. Fungu la kwanza lilitoka Machi 2020, karibu dola bilioni 13.2 kwa nchi nzima. La pili lilitoka Desemba 2020, dola bilioni 54.3. La tatu, kubwa kuliko yote, lilitoka Machi 2021, karibu dola bilioni 122. Mfuko huo unaitwa ESSER. Sisi mitaani tuliziita fedha za korona. Katika fungu la tatu peke yake Michigan ilipangiwa karibu dola bilioni 3.7.

Mgao wa kila wilaya na kila shule ya mkataba ulifuata kipimo kilekile cha fedha za Title I, msaada wa serikali kuu kwa shule zenye watoto maskini, yaani umaskini wa kaya ambazo watoto wanatoka. Shule yenye watoto wengi wa kaya maskini ilipata zaidi. Naomba mtulie hapo kidogo kabla ya kuendelea. Fedha zile ziliingia kwenye akaunti ya shule kwa sababu mimi napokea mshahara ninaoupokea, kwa sababu jirani yangu mwenye watoto sita anasafisha hoteli, kwa sababu wazee wetu hawana pensheni. Umaskini wetu ndio uliohesabiwa. Baada ya kuhesabiwa, hatukuitwa tena mezani.

Shule ya mkataba, ile ambayo wengi wetu tunaiita chata, ni shule ya umma. Haitozi ada, na inaendeshwa kwa kodi kama shule za wilaya. Minnesota ndiyo ilianza kuziruhusu 1991, Michigan ikafuata 1993. Hoja ya kuzianzisha ilikuwa kubadilishana: shule ipewe uhuru zaidi wa kujiendesha, nayo itoe hesabu zaidi ya matokeo yake. Uhuru huo haukugusa fedha za serikali kuu. Dola ya ESSER inapoingia kwenye shule yenye watoto 300, inabanwa na kanuni zilezile za shirikisho za kusimamia ruzuku, ziitwazo 2 CFR 200, zinazoibana wilaya kubwa kama ya Detroit. Nimewahi kusikia kwenye kikao mtu akisema kwamba shule za mkataba zina utaratibu wake wa manunuzi. Utaratibu wa ndani zinaweza kuwa nao, ila hauwezi kuwa legevu kuliko kanuni ya shirikisho.

Kanuni hizo nilizisomewa na kijana wa kanisani kwetu anayesoma uhasibu, Jumamosi nne mfululizo, mezani kwangu jikoni. Nilitegemea kukutana na mambo mageni. Nilichokuta ni sanduku letu la Nyarugusu.

Kule kambini nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Tulikuwa wanawake 25. Sanduku letu la chuma lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zilikaa kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Mimi niliyehesabu fedha sikuwa na ufunguo hata mmoja. Kila mkutano fedha zilimwagwa kwenye mkeka, zikahesabiwa mbele ya wote, katibu akataja kiasi kwa sauti, na kila mwanachama akakishika kichwani mpaka wiki inayofuata. Wiki hiyo kabla ya kufungua sanduku tuliulizana: tuliacha kiasi gani? Mama mzee asiyejua kusoma ndiye aliyekuwa na kumbukumbu kali kuliko wote. Mwanachama aliyeomba mkopo alitoka nje wakati ombi lake linajadiliwa. Hatukufundishwa kuogopana. Tulijua kwamba mwenye njaa na mwenye ufunguo wasiwe mtu mmoja, hata kama ni mtu mwema.

Kanuni za Marekani zinasema hivyohivyo kwa maneno marefu. Mfanyakazi, mjumbe wa bodi au wakala mwenye maslahi katika kampuni fulani haruhusiwi kushiriki kuichagua kampuni hiyo ipewe kazi kwa fedha za shirikisho. Maslahi ya mume, mke, mtoto au mshirika wake wa biashara yanahesabika vilevile. Manunuzi yanayovuka kiwango kidogo, ambacho miaka hiyo kilikuwa dola 10,000, yanataka bei kutoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja. Yakivuka dola 250,000, kiwango cha miaka ileile, yalitaka ushindani rasmi wa wazi. Kazi za ujenzi na ukarabati zenye mkataba unaozidi dola 2,000 zinataka mafundi walipwe ujira uliowekwa na serikali kwa eneo husika. Kifaa kinachofikia dola 5,000, ambacho ndicho kilikuwa kiwango mpaka Oktoba 2024, kinatakiwa kuandikwa: ni kitu gani, namba yake, kimenunuliwa kwa mfuko upi, lini, kwa bei gani, kiko wapi, kina hali gani. Na angalau mara moja kila miaka miwili mtu apite na kukiangalia kwa macho yake.

Najua kompyuta iliyoko kabatini kwangu haifiki dola 5,000. Kijana alinieleza hilo vizuri, na sitaki kudai kisichokuwepo. Lakini kanuni hizohizo zinaitaka shule iwe na udhibiti wa ndani wa kulinda kila mali iliyonunuliwa kwa fedha hizo, kubwa na ndogo. Kompyuta mia tatu zisizoandikwa popote ni fedha nyingi kuliko mashine moja kubwa iliyoandikwa vizuri.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi.

Aprili 2021 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa masharti ya fungu la tatu. Kila shule au wilaya inayopokea iandae mpango wa matumizi, na katika kuuandaa ishauriane kwa dhati na wanafunzi, familia, walimu na wafanyakazi wengine, pamoja na wale wanaowasemea watoto wanaojifunza Kiingereza, watoto wenye ulemavu, watoto wasio na makazi na wengine waliosahaulika. Umma upewe nafasi ya kutoa maoni, na maoni hayo yazingatiwe. Mpango uandikwe kwa namna inayoeleweka, na kadiri inavyowezekana uwe katika lugha ambayo wazazi wanaielewa. Isipowezekana kuuandika, mzazi atafsiriwe kwa mdomo. Uwekwe wazi kwenye tovuti.

Agosti 2021 tuliitwa shuleni kuchukua mabegi ya madaftari ya watoto. Mlangoni palikuwa na karatasi ya mahudhurio. Nikasaini, kama nilivyosaini karatasi nyingi katika maisha ya ukimbizi, nikiamini kwamba ni ya kuonyesha nimefika. Nikapewa begi la buluu lenye penseli, madaftari na chupa ya dawa ya mikono. Nikashukuru, nikaondoka kwenda kulala kabla ya zamu.

Mwaka jana, katika zile Jumamosi za jikoni, kijana alinisomea mpango wa shule. Umeandikwa kwa Kiingereza peke yake. Katika sehemu ya mashauriano umesema kwamba familia za wanafunzi wanaojifunza Kiingereza zilishauriwa katika tukio la Agosti. Nilimwambia arudie. Akarudia. Waheshimiwa, siku ile sikushauriwa, nilipewa begi. Hakuna aliyeniuliza mtoto wangu amepoteza nini. Ningeulizwa ningekuwa na la kusema, kwa sababu nilikuwa nimekaa naye mezani.

Shule zilifungwa Michigan tarehe 16 Machi 2020, na mapema Aprili tukaambiwa hazitafunguliwa tena mwaka ule wa masomo. Binti yangu alikuwa darasa la pili, ndiyo kwanza anaunganisha sauti za Kiingereza kuwa maneno. Mimi narudi kazini saa moja asubuhi, nalala saa tatu, naamka kumpikia. Mwaka uliofuata alisoma kwenye simu yangu mpaka kompyuta ilipokuja, akiwa na dada yake na kaka yake katika chumba kimoja, kila mmoja na mwalimu wake anayeongea. Aliporudi darasani alikuwa amejifunza kunyamaza. Mwalimu alimwandika kuwa mtoto mpole. Hakuwa mpole, alikuwa hafuati kinachosemwa. Mpaka leo, sekondari inakaribia, anasoma kwa kidole.

Kwa watoto kama yeye sheria iliweka sharti lisilo na utata: angalau asilimia 20 ya fungu la tatu itumike kurudisha masomo yaliyopotea, kwa njia zilizothibitika kufanya kazi. Sheria yenyewe ikataja mifano: masomo ya kiangazi, siku ya shule iliyorefushwa, masomo ya baada ya saa za shule. Mpango wa shule unasema asilimia 20 ilitengwa. Sikatai. Naomba kuambiwa ilitengwa ikafanya nini. Kama ni masomo ya kiangazi, walikuwepo watoto wangapi, siku ngapi, walimu gani walilipwa, na matokeo yalikuwaje? Kama ni programu ya kompyuta ya kujifunzia kusoma, iligharimu kiasi gani kwa mtoto mmoja, na ni watoto wangapi waliingia kweli na kuitumia zaidi ya wiki moja? Najua wazazi 11 wa jamii yetu waliokuwa na watoto pale miaka hiyo. Nimewapigia wote. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kupata barua au simu ya Kiswahili ikimwalika mtoto wake kwenye masomo ya kiangazi. Mmoja alikumbuka ujumbe wa simu kwa Kiingereza. Aliufuta, akidhani ni matangazo.

Sisemi kwamba kuna aliyeiba. Narudia ili nisieleweke vibaya na ili walimu wasome: sisemi kuna aliyeiba. Niliwaona walimu wakileta chakula mlangoni kwetu kwenye baridi ya Januari. Mwalimu wa darasa la tatu alimpigia binti yangu kila Ijumaa kwa simu yake mwenyewe. Kama sehemu ya fedha zile ilimwongezea mshahara, ninafurahi, na ningependa kuona imeandikwa hivyo, kwa sababu kanuni zinataka mishahara inayotoka kwenye fedha za shirikisho iwe na kumbukumbu za kazi halisi iliyofanyika. Hesabu ikifunguliwa, inamlinda pia aliyefanya kazi yake vizuri.

Lakini bodi ya shule haiwezi kunijibu kama ilivyonijibu Novemba iliyopita. Niliomba kwa maandishi, chini ya sheria ya Michigan ya uhuru wa habari, nakala za ankara za fedha za ESSER. Sheria hiyo haimtaki mtu awe raia ili aombe, na inaipa ofisi siku 5 za kazi kujibu, ikihitaji zaidi iongeze si zaidi ya 10. Jibu nililopata lilisema kwamba ankara hazipo kwa shule, zipo kwa kampuni inayoiendesha.

Hapa ndipo mambo ya shule za mkataba za Michigan yanapotofautiana na ya majimbo mengi. Nyingi kati ya shule hizi zinaendeshwa na kampuni za kibiashara. Kampuni inaajiri walimu, inanunua vifaa, inatunza vitabu, wakati mwingine hata jengo ni la kampuni hiyohiyo au la jamaa yake. Bodi inakutana mara moja kwa mwezi. Fedha zinaingia kwa jina la bodi, kisha zinatoka kwenda kwa kampuni. Lakini mpokeaji wa fedha za shirikisho kisheria ni shule, si kampuni. Wajumbe wa bodi, mmekula kiapo cha ofisi ya umma. Hamkuchaguliwa na sisi kwa kura, mmeteuliwa kupitia taasisi iliyotoa mkataba, lakini kiapo chenu ni kwa umma ambao na mimi nimo. Mkisema ankara ziko kwa kampuni, mnaniambia kwamba kufuli zote tatu ziko nyumba moja.

Na hofu hii sikuitunga mimi. Septemba 2016, zaidi ya miaka mitatu kabla ya korona, Inspekta Jenerali wa Wizara ya Elimu ya Marekani alitoa ripoti ya ukaguzi wa shule 33 za mkataba katika majimbo 6 na uhusiano wake na mashirika yanayoziendesha. Katika shule 22 kati ya hizo alikuta udhaifu wa udhibiti wa ndani: migongano ya maslahi, miamala kati ya watu wanaohusiana, na majukumu yaliyolundikwa mkono mmoja. Onyo lilikuwepo mezani kabla bilioni hazijamiminika.

Kuhusu jengo nina swali moja tu. Mpango unataja mfumo mpya wa hewa na joto, na hilo linaruhusiwa, kwa sababu hewa safi madarasani ilikuwa jambo la uhai. Matumizi makubwa ya namna hiyo yanahitaji idhini ya jimbo kabla ya kufanyika. Je, idhini ilitolewa lini, na kama jengo limepangwa, mfumo huo utakuwa mali ya nani siku mkataba wa shule ukifa? Shule za mkataba hufungwa, na watoto hutawanyika. Mitambo ya paani hubaki kwa mwenye paa.

Kuna pia ile mikopo ya PPP ya 2020 na 2021, iliyotolewa kulinda mishahara na ambayo ilisamehewa kwa waliotimiza masharti. Shule za wilaya hazikuruhusiwa kuiomba. Shule nyingi za mkataba nchini, pamoja na kampuni zinazoziendesha, ziliomba na kupata, na orodha ya waliokopa iko hadharani. Tuambieni tu kama shule au kampuni ilichukua, na kama kuna mshahara uliolipwa mara mbili, mara kwa mkopo na mara kwa ESSER.

Sasa nigeukie wakuu wa taasisi iliyotoa mkataba. Sheria inawaruhusu kubakiza hadi asilimia 3 ya fedha za jimbo zinazokwenda kwa shule kila mwaka, ili kazi ya usimamizi ifanyike. Mwaka baada ya mwaka hiyo ni fedha ya kutosha kumlipa mtu akae siku tatu na vitabu vya shule hii, afungue stoo, ahesabu, na azungumze na wazazi akiwa na mkalimani. Najua kwamba shule inayotumia dola 750,000 au zaidi za shirikisho kwa mwaka, kiwango cha miaka ile, ililazimika kufanyiwa ukaguzi maalumu na mhasibu wa nje, na ripoti hizo zinawekwa kwenye hifadhi ya taifa ya ripoti za ukaguzi, mtandaoni, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Mkaguzi huchukua sampuli. Sampuli haimwulizi mama aliyesaini karatasi ya begi kama alishauriwa. Swali hilo ni lenu.

Na kwenu Idara ya Elimu ya Jimbo. Fedha zilipita mikononi mwenu, na kanuni zinamtaka anayepitisha fedha amfuatilie anayezipokea. Natambua kwamba miaka hii haikuwa rahisi kwenu pia. Tarehe 28 Machi 2025 Waziri wa Elimu wa Marekani, Linda McMahon, alifuta ghafla muda wa nyongeza ambao majimbo yalikuwa yamepewa kumalizia malipo ya fungu la tatu, majimbo yakaenda mahakamani New York, na Mei jaji akaamuru kwa muda kwamba malipo yaendelee. Mlikuwa mkipigania dola zisipotee. Niliposikia nilifurahi. Naomba nguvu ileile iliyotumika kuzidai dola itumike kuuliza zilikwenda wapi zilipofika.

Kwa nini naandika sasa, wakati barakoa zimeshasahaulika? Kwa sababu ya karatasi. Kanuni zinamtaka mpokeaji atunze nyaraka za fedha hizi kwa miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya matumizi iwasilishwe. Fungu la kwanza lilipaswa liwe limeshapangiwa matumizi ifikapo 30 Septemba 2022, la pili 30 Septemba 2023, la tatu 30 Septemba 2024, na baada ya kila tarehe zikafuata siku 120 za kumalizia malipo. Pigeni hesabu. Za fungu la kwanza huenda siku zake zimeshafika, na za fungu la tatu, kwa shule iliyofunga hesabu mapema 2025, zinakwisha mapema 2028. Baada ya hapo mtu anaweza kuweka maboksi kwenye mashine ya kuchana karatasi, na atakuwa hajavunja kanuni hiyo. Lakini kanuni ileile inasema kwamba ukaguzi, dai au kesi ikianza kabla ya muda kwisha, nyaraka lazima zitunzwe mpaka jambo liishe.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na ambalo halina gharama, ni hili: bodi ipitishe azimio katika mkutano wake ujao kwamba hakuna karatasi ya ESSER, iwe shuleni au kwa kampuni, itakayotupwa mpaka wazazi wajibiwe. Kisha tupewe ripoti ya ukurasa mmoja kwa kila fungu, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za wazazi wa shule, ikionyesha kilichoingia, kilichotoka, aliyelipwa, na kama aliyelipwa ana uhusiano na kampuni au mjumbe yeyote. Sentensi inayosema familia zetu zilishauriwa Agosti 2021 isahihishwe, na jina langu litolewe kwenye ushahidi huo. Na kama kuna fedha zilizotumika kinyume, zilizopaswa kwenda kwenye ile asilimia 20, mkae na jimbo muone namna ya kuwarudishia watoto masomo, hata kama wameshahama shule. Binti yangu bado anahitaji mtu wa kusoma naye jioni.

Kuhusu lugha, nimeshaambiwa kwamba tangu Machi 2025 kuna amri ya rais inayotangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi, kwa hiyo tusitegemee tafsiri. Amri hiyo haikufuta Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ambayo inakataza shule inayopokea fedha za shirikisho kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na ndiyo iliyobeba haki ya mzazi asiyejua Kiingereza kuelezwa mambo ya mtoto wake. Zaidi ya hayo, masharti ya fungu la tatu yalikubaliwa kwa saini mwaka 2021. Aliyesaini alipokea fedha zote. Amalizie na masharti.

Mkutano wa bodi ni wa wazi kwa sheria ya jimbo, na umma una haki ya kusema. Nitakuja ule wa mwezi ujao. Nimeomba ruhusa kazini, na wazazi wanne wameniambia watakuja nami. Yule kijana atakuwepo kutafsiri, lakini yeye ni mtoto wa kanisani kwetu, si mkalimani wa shule, kwa hiyo naomba shule ilete wa kwake.

Nitakuja na ile kompyuta, pamoja na chaja yake na mfuko wake. Inawaka, niliijaribu wiki hii. Namba yake ya kiwandani nimeinakili kwenye daftari langu, na tarehe niliyoipokea. Naomba siku hiyo awepo mtu mwenye mamlaka ya kuipokea, alete daftari la mali la shule, aitafute namba hiyo humo mbele yetu, na tusaini wote wawili.

Wenu,
Mama wa wanafunzi watatu wa zamani wa shule yenu
Michigan